Nyekundu Iliyobaki Mfukoni

Robot za Durban, yaani hizi taa za barabarani, zina adabu yake: nyekundu, kijani, njano, halafu nyekundu tena. Bozhidar alikuwa robot ya peke yake. Kwao Bulgaria alikuwa mwekundu, mtu wa chama cha kikomunisti, miaka yote ambayo wekundu ndio waliokuwa wakigawa nyumba na magari. Siku serikali yao ilipoanguka akazimika kidogo, kama umeme wa mtaani, na alipowaka tena alikuwa bluu, rangi ya wapinzani wao. Tena bluu ya kupitiliza. Geti la karakana yake pale Jacobs alilipaka bluu, mbwa wake akamvisha ukanda wa bluu, na Doudou, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akisaga vyuma mle ndani, alisema kwamba kitu pekee kilichobaki chekundu kwa patron, yaani bosi wao, ni shingo, na hiyo ni kazi ya jua.

Wengine walicheka. Gloriose hakucheka, kwa sababu alishamchukia Bozhidar kiasi kwamba hata utani juu yake aliuona ni kumpa heshima. Yeye alikuwa Mrundi, mpishi wa pale karakanani, na kila mchana alimwangalia yule mtu akila wali wake akiwa amesimama, akimwita "Mama Afrika" kana kwamba jina la Gloriose lingemchoma ulimi. Lakini si hilo lililomuudhi zaidi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Bozhidar alimshika mumewe shingoni, na alijua kuwa amemshika.

Mumewe aliitwa Kolyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea, Mbulgaria kama bosi wake, jitu la miaka hamsini lenye mikono kama makoleo na maneno machache. Mchungaji mmoja Mkongo aliwafungisha ndoa, wakapanga chumba cha uani kule Chatsworth kwa mama mmoja wa Kihindi ambaye hadi leo hajaelewa ile ndoa ilitokea wapi. Kolyo aliletwa Durban na Bozhidar, na pemiti yake ya kazi ilibeba jina la Bozhidar. Kila mwaka ilibidi Bozhidar atie sahihi kwamba huyu fundi bado ni wake. Bila sahihi ni ndege ya kurudi kwao, na mke Mrundi mwenye karatasi za ukimbizi hana namna ya kuifuata hiyo ndege. Sahihi ya mwaka ule, tisini na saba, ilikuwa itolewe Mei. Sasa ilikuwa Aprili.

Na Kolyo alikuwa mwekundu.

Usimuulize kwa nini. Mafundi wenzake walimuuliza kila siku, na kila siku walitoka na jibu lile lile: baba yangu. Walimwambia wekundu waliochaguliwa tena juzi wameifilisi nchi, mkate nyumbani unanunuliwa kwa furushi la noti. Kolyo alikubali kwamba ni kweli, halafu akabaki mwekundu vile vile. Alikuwa mwekundu kama mtu alivyo na pua.

Basi Jumatano ile, wakati wa kula, Bozhidar alisimama juu ya kreti ya chupa akatangaza kwamba Jumamosi kwao ni uchaguzi wa bunge, na Wabulgaria wa Durban watapigia kura kwenye ukumbi uliokodiwa Pinetown. Atawabeba mafundi wake wote kwenye bakki, pikapu yake mwenyewe, na wakirudi kutakuwa na brai, nyama ya kuchoma na bia mpaka washindwe. Alisema kwa lugha yao, halafu akarudia kwa Kiingereza ili hata kuta zisikie: kwao kila chama kina karatasi ya kura yenye rangi yake, inayotiwa kwenye bahasha, na fundi atakayetia sandukuni karatasi nyekundu akatafute jua la nchi nyingine.

Kolyo aliuliza atajuaje, maana kura ni siri.

"Nitajua," Bozhidar alisema, na akajigusa mfuko wa shati, pale anapoweka kalamu yake ya kutilia sahihi.

Doudou alinong'ona kwamba labda patron ana pua ya kunusa rangi. Lakini Gloriose alikuwa ameganda na mwiko mkononi. Mkono kwenye mfuko. Yeye hiyo lugha aliijua vizuri mno.

Ijumaa jioni aligombana na Kolyo. Alianza kwa upole, akamkumbusha pemiti, akamkumbusha Mei, akamkumbusha kitanda walichomaliza kukinunua juzi. Kolyo alikuwa akivua buti.

"Piga bluu, mume wangu," Gloriose alisema. "Sahihi ikishatoka, rudi kwenye nyekundu yako uilalie kama mto."

"Mkono yangu," Kolyo akasema. Kiswahili chake alikipata kwa Gloriose, jikoni na chumbani, kwa hiyo kilikuwa na maneno mengi ya chakula na machache sana ya siasa, na Bozhidar humo alikuwa Boji. "Mkono hapana ya Boji. Mkono yangu."

"Mkono ni wako, pemiti ni yake. Na mimi ni wa nani akikurudisha kwenu? Wa huyu Mhindi?"

Kolyo alisukuma buti chini ya kitanda. Alilala akautazama ukuta, na mgongo wake ukajaza kitanda kizima kama kabati lililoanguka. Gloriose hakujua ameamua nini, na hilo la kutojua ndilo lililomfanya afanye alichofanya.

Maana Gloriose alishawahi kumpoteza mume kwa ajili ya mfuko. Mwaka wa tisini na tatu, kwao Burundi, walipopiga kura ya vyama vingi, kila mpiga kura alipewa karatasi za wagombea wote mkononi, na bahasha mbili. Uliyemchagua unamtia kwenye bahasha moja, uliowakataa unawatia kwenye nyingine, na zote mbili zinabaki pale pale. Mumewe wa kwanza, Athanase, alikuwa mtu wa sheria. Alifanya alivyoelekezwa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani walikuwako vijana wa kilimani kwao, wamekaa, wanawauliza watu: onyesha uliyemkataa. Wajanja walikuwa wameificha mfukoni ile karatasi waliyoikataa. Waliitoa, wakapigwapigwa mgongoni, wakapewa bia. Athanase hakuwa na cha kuonyesha. Hawakumfanya kitu siku ile, walicheka tu. Gloriose alikuja kuelewa kile kicheko mwezi wa kumi, mauaji yalipoanza, na akishafika hapo katika kuhadithia hunyamaza na kutafuta kitu cha kuosha.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, Kolyo akiwa bafuni, alilipiga pasi koti lake la harusi, kisha akafungua kopo la biskuti chini ya kitanda. Dada yake Kolyo alikuwa amemtumia kwa posta bunda zima la karatasi nyekundu, zile ambazo chama chao kilikuwa kikizigawa vijijini ili wazee wasikosee. Gloriose alichomoa moja, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akipekuliwa, watakuta nyekundu, watajua ameikataa. Apige bluu, apige nyekundu, hiyo ni shauri ya mkono wake. Mfuko utakuwa umeshamtetea. Akalinyoosha koti begani kwa mumewe, akamfunga vifungo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akaenda kazini akiimba.

Bakki ilirudi Jacobs jua likizama. Moto ulikuwa tayari ndani ya pipa lililokatwa katikati, nyama imepangwa, Doudou kashika koleo la kugeuzia na bia ambayo hakuna aliyempa. Mafundi walishuka wamevaa kama watu wanaotoka mazishi ya mtu wasiyempenda. Bozhidar alikuwa ameshakunywa njiani. Alisimama getini, akawaambia kila mtu atoe mifuko nje.

Ndipo Gloriose alipojua kwamba alikuwa sahihi. Alikaribia kutabasamu. Mafundi walitoa sigara, vichana, picha ya mtakatifu, funguo. Mmoja alitoa nusu ya sandwichi akaitazama kama haijui. Bozhidar aliwapitia mmoja mmoja, akipapasa hata soksi. Kolyo alipofikiwa aliligeuza koti lake mwenyewe, bila wasiwasi, kama mtu anayejua hana kitu.

Karatasi ilianguka kwenye simenti. Ilikuwa nyekundu kweli kweli, nyekundu ya mchuzi.

Gloriose alisubiri Kolyo apigwepigwe mgongoni.

Bozhidar aliinama akaiokota kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota mende. Alianza kwa lugha yao, kisha akahamia Kiingereza, kwa sauti ile ile ya juu ya kreti. Kule kwenye kijumba cha kupigia kura, alisema, karatasi zote zimelala mezani mafungu mafungu, na mtu anachukua anayoitaka, nyingine anaziacha. Hakuna anayeondoka na asiyoitaka. Huyu amechukua mbili, moja ya sandukuni na moja ya kwenda kuibusu nyumbani.

Mwiko ulimtoka Gloriose mkononi. Hapo alielewa kwamba kwa hawa watu mfuko unasema kinyume. Alikuwa amemshonea mumewe ushahidi kwa mkono wake, na kumpigia pasi juu.

Alisogea mbele. Aliongea Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimemkimbia. "Doudou, mwambie ni mimi. Mimi ndiye niliyeitia. Kwetu kinachobaki mfukoni ni kile ulichokikataa."

Doudou alimtazama. "Yaya, dada yangu, una hakika niseme hivyo?"

"Sema."

Doudou akasema, na akaongeza kwa hiari yake kwamba huyu mama hajui siasa ya Wazungu, hata ile ya Waafrika ilimshinda. Bozhidar alicheka mpaka akakohoa. Akasema vizuri sana, kumbe mpaka mke ni mwekundu, basi nyumba nzima imeoza. Jumatatu Kolyo asije. Mei asitafute sahihi, atafute sanduku la nguo.

Kolyo hakumwangalia Bozhidar. Alimwangalia Gloriose.

"Wewe?" akamuuliza.

"Mimi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekuta mtu ameshakata bomba pasipotakiwa. Gloriose alitamani angemtukana.

Simu ikalia ofisini. Bozhidar alikuwa na mtu wake kule ukumbini, aliyeahidi kumpigia kura zikishahesabiwa, na wapiga kura wenyewe walikuwa wachache, wasiojaza hata kombi mbili. Alikwenda, akaacha mlango wazi, ili wasikie ushindi. Wakasikia. Alirudia jambo moja kwa lugha yao, akalirudia tena kwa sauti ya chini, kisha akauliza swali, kisha akauliza lile lile. Mafundi wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka kwa puani.

"Kuna nini?" Doudou akauliza.

Yule fundi akamwambia. Pinetown nzima, nyekundu hakuna. Hata moja. Karatasi zote zilizotoka sandukuni ni bluu, ukiacha mtu mmoja aliyetumbukiza bahasha tupu, na huyo ni fundi mmoja mvivu, alijitangaza mwenyewe kwenye bakki.

Gloriose alipiga hesabu. Kolyo alikuwa amepiga bluu. Mkono ule ambao haukuwa wa Boji, alikuwa amempa Gloriose. Alilala akautazama ukuta usiku kucha, akaamka, akavaa koti la harusi, akaenda Pinetown kumsaliti baba yake ili mkewe asibaki peke yake Chatsworth. Na mkewe ndiye aliyemchongea.

Bozhidar alitoka ofisini na uso wa mtu aliyemeza chai ya moto na hataki wenzake wajue. Angeweza kusema samahani. Midomo ya namna ile haikutengenezwa kwa neno hilo. Alisema yeye hataki mtu wa bluu mkononi na nyekundu mfukoni, anataka mtu wa rangi moja. Kisha akaona nyama, na wazo likamjia, maana mawazo yake yote mabaya yalipitia tumboni. Aliinyoosha ile karatasi mbele ya uso wa Kolyo.

"Itafune," akasema. "Hapa, mbele ya wote. Ukiimaliza, natia sahihi."

Hata mbwa aliacha kujikuna. Gloriose alifungua mdomo aseme hapana, tuondoke, nitauza ndizi stendi, nitafua nguo za watu. Lakini Kolyo aliinua kiganja kumzuia. Angeweza kumjibu bosi wake kwa lugha yao. Alichagua Kiswahili, ambacho Bozhidar hakujua hata salamu yake, na alikisema polepole ili kila mtu pale, Mkongo, Mrundi na mlinzi wa getini, Mzulu aliyeokota maneno mawili matatu, apate sehemu yake.

"Doudou. Ambia patron: sahihi kwanza. Chakula nyuma."

Doudou alikisubiri kitu kama hicho maisha yake yote. Alimgeukia Bozhidar, akaweka mikono nyuma kama wakili, akasema kwa Kiingereza kwamba fundi anashukuru sana kwa mwaliko, ila kalamu ya patron inajulikana kukauka wino watu wakishashiba, hivyo anaomba ianze yenyewe.

Bozhidar akawa mwekundu. Mafundi waliiona hiyo nyekundu, na safari hii haikuwa ya jua. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu, na watu walikuwa wakimtazama mfuko wa shati. Alikwenda ofisini akaleta fomu ya pemiti, akaiweka juu ya boneti ya bakki, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Kolyo aliisoma yote. Aliisoma kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akampa Gloriose bila kumwangalia usoni, na Gloriose akaizika kifuani, ndani ya sidiria, mahali ambapo hata Bozhidar hangethubutu kupekua.

"Sasa sahani," Kolyo akasema.

Gloriose akampa sahani. Akataka uma na kisu, akapewa. Akaketi juu ya kreti ya Bozhidar mwenyewe, akaitandaza ile nyekundu kwenye sahani, akaikata vipande vinne sawasawa, kwa ustadi wa mtu aliyekata vyuma miaka thelathini.

"Pilipili iko?"

"Iko," Gloriose akasema.

Alimletea pilipili. Kolyo akaipaka, akatia na chumvi, akaanza kula. Hakuharakisha. Alitafuna kila kipande mpaka mwisho, akashushia maji, akakatakata kingine. Katikati akamwomba fundi wa jirani ampishe kidogo, anamzibia hewa. Mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, na kicheko kikageuka polepole kama meli inavyogeuka bandarini, mpaka wote wakawa wanamtazama Bozhidar na si Kolyo. Bozhidar alibaki amesimama, hana pa kukaa.

Kolyo alipangusa mdomo. "Doudou. Ambia yeye: chakula yake mzuri. Kesho asubuhi mimi narudisha."

Doudou alitafsiri neno kwa neno, hapo hapakuhitaji chumvi ya ziada. Mafundi waliinama wakashika magoti. Bozhidar aliingia ofisini, akafunga mlango, na nyama yake ikaliwa na watu wengine.

Lakini Gloriose hakuonja hata mfupa. Walipofika Chatsworth Kolyo alilitundika koti la harusi msumarini. Alilala kama jana, kabati lile lile, ukuta ule ule. Jumapili walikwenda kanisani, akaimba nyimbo zote kwa Kiswahili chake cha jikoni, na kwa mkewe hakuwa na hata amina.

Waliporudi alilivuta lile kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda, akalimwaga juu ya shuka. Nyekundu zilijaa kitandani. Gloriose alisimama mlangoni na kanga ya kanisani begani, akijua kwamba sasa ndipo atakapoambiwa.

"Nisamehe, Kolyo," akasema. "Nilidhani ni kama kwetu."

"Kwenu, namna gani? Sema tena."

Akamweleza tena, bahasha mbili, vijana wa kilimani, wajanja na bia yao. Akafika kwa Athanase, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kitu cha kuosha. Alimweleza mpaka mwezi wa kumi. Kolyo alisikiliza mikono ikining'inia katikati ya magoti.

"Basi," akasema alipomaliza, "kwenu, ile ya mfuko, ni ile mtu nakataa."

"Ndiyo. Ile uliyoikataa."

Kolyo alisimama. Kisha akavuta overoli yake ya kazi kutoka kwenye msumari. Akachukua karatasi nyekundu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifua. Akachukua nyingine, akaitia mfuko wa paja. Ya nyuma moja, ya rula moja, ya kando moja. Alipomaliza overoli akahamia jaketi.

"Kesho Boji nauliza," akasema, "mimi naambia yeye: patron, mimi nakataa nyekundu. Nakataa sana. Nakataa na mfuko yote."

Gloriose alitazama zile karatasi, akamtazama mumewe, akaigusa fomu iliyokuwa bado kifuani, yenye tundu la kalamu na mwaka mzima ndani yake. Kisha akaenda kwenye msumari wa pili, akashusha aproni yake ya jikoni, ile yenye mfuko mkubwa wa mbele, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi mbili," akasema.